Tenda Wema, Kisha Rudi

Haya ni maneno niliyowaambia wajitoleaji wapya siku ya kwanza ya mafunzo yao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikaondoa tu pale nilipokohoa na pale kipaza sauti kilipozima.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka mliojiandikisha mwezi huu, habari za mchana.

Nilimwomba mwenyekiti anipe nafasi ya kwanza kuzungumza, kwa sababu leo ni Jumamosi, na Jumamosi saa kumi nina miadi. Akaniuliza ni miadi gani hiyo isiyosogezeka hata kwa siku moja. Nikamwambia nitamjibu mbele ya watu. Basi namjibu.

Miaka sita iliyopita nilijitolea kumsomea gazeti mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Kazi nyepesi: saa moja kwa wiki, kila Jumamosi, kuanzia saa kumi. Nilianza kwa mbwembwe. Siku ya kwanza nilisoma kila kitu mpaka matangazo ya nyumba za kupanga. Ya pili vivyo hivyo. Jumamosi ya tatu nilialikwa mahali, nikaenda huko. Sikufika kwa mzee wala sikupiga simu. Nilijifariji kwamba ni gazeti tu, na habari zenyewe si anazisikia redioni?

Jumamosi ya nne nikarudi na udhuru wangu nimeshautunga njiani. Binti yake alinipokea, na kabla sijaingia sebuleni akanivuta pembeni. Akaniambia, "Wiki iliyopita baba alivaa shati lake la kola tangu saa nane. Akaketi kwenye kile kiti mpaka giza likaingia. Tukamwambia, baba, huyo haji tena leo. Akasema tusubiri kidogo, huenda kakwama njiani."

Nikaingia. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu. Akauliza, "Mwanangu, kwani nilikukosea neno?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea na yote yakayeyuka. Mzee yule alikuwa ameishi wiki nzima akipekua kumbukumbu zake, akitafuta ni lini na kwa neno gani aliniudhi. Kama nisingejitolea kabisa, asingeumia hivyo. Mimi ndiye niliyempa cha kusubiri.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni neno zuri, linamshusha mtu majivuno. Lakini wengi wetu tumelishika upande mmoja, ule wa "nenda zako". Tunatenda mara moja, roho inaburudika, tunapiga picha mbili tatu, halafu tunakwenda zetu kweli kweli. Mimi leo nimekuja kuwaomba mlitie kiraka: shukrani usingoje, ila rudi.

Mfano mwepesi ni damu. Likitokea balaa kubwa, ajali au mlipuko, watu hupanga foleni ndefu kuchangia, na ni jambo la kupendeza. Tatizo ni kwamba damu haiwekwi akiba kama nafaka. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye jokofu hudumu takriban siku 42, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache tu, mara nyingi tano. Mgonjwa wa baada ya miezi miwili hawezi kuokolewa na foleni ya leo. Anamtegemea mtu atakayekuja siku ambayo redio haijatangaza lolote.

Kule Australia kulikuwa na mtu aliyeitwa James Harrison. Alianza kuchangia mwaka 1954 akiwa na miaka 18. Ikaja kugundulika kwamba utegili wa damu yake, yaani ile sehemu ya majimaji, una kingamwili adimu, inayotengenezewa dawa ya kuwakinga watoto walio tumboni pale damu ya mama inapokataana na ya mtoto. Aliendelea mpaka mwaka 2018, umri wake miaka 81, utaratibu ulipomtaka apumzike. Alikuwa amechangia mara 1,173. Na mtu huyo alikuwa haipendi sindano! Ilipokuwa inaingia aligeuza uso akatazama kwingine, mara zote hizo. Nawaambia hivi kwa ajili ya wale mnaodhani kwamba wanaorudi ni wale ambao hawasikii uzito. Wanausikia, ila wanageuza uso.

Sasa mtaniuliza, mbona wengi hatuanzi kabisa, sembuse kurudi? Jibu la haraka ni roho ngumu, nami silikubali. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, lakini nikiuliza humu ndani nani hapendi kumfaa mwenzake, sitaona mkono. Moyo upo. Tunachokosa ni nafasi, kwa sababu tuna haraka.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo cha theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa peke yake aende jengo la pili kutoa mazungumzo mafupi. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, ile habari ya msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani, na watu wa dini wakapita kando. Njiani, mlangoni mwa nyumba moja, watafiti walikuwa wamemweka mtu aliyejikunyata, kichwa kimeinama, anakohoa na kugumia. Wapo wanafunzi walioambiwa kwamba bado wana muda, na wapo walioambiwa wameshachelewa, wanasubiriwa.

Katika wale wasio na haraka, asilimia 63 walisimama wakatoa msaada. Katika wale waliochelewa, asilimia 10. Na mada waliyobeba kichwani haikuleta tofauti ya maana. Walikuwepo waliomruka yule mtu, yaani wakampitishia mguu kwa juu, wakikimbilia kwenda kumsimulia Msamaria.

Mnacheka. Chekeni, lakini taratibu, maana mmoja wao ndiye anayewahutubia.

Haraka haraka haina baraka tunawaambia watoto wakimwaga maji, sisi wenyewe hatumo. Tangu nimekosana na shati la yule mzee nina desturi yangu ndogo: popote ninapokwenda, natoka dakika kumi kabla ya muda unaonitosha. Dakika hizo nimezitenga zipotee. Ni za mama anayehangaika kwenye ngazi, mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Ni za jirani anayesema "habari" kwa sauti isiyokuwa yake ya siku zote. Zikikosa mwenyewe naziketia kwenye benchi, nimewahi, sijapoteza kitu.

Wala msiniambie kwamba wenye shughuli nzito wamesamehewa. Henry Dunant alikuwa mfanyabiashara wa Geneva. Juni 1859 alifunga safari mpaka kaskazini mwa Italia kumtafuta Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, amtatulie matatizo ya biashara yake huko Algeria. Akafika Castiglione, mji mdogo jirani na Solferino, wakati mapigano makubwa ya tarehe 24 yameacha majeruhi kwa maelfu, nao wanamiminika mjini. Mtu ana shida yake, amesafiri mbali kuitafutia dawa, na mbele yake kuna hayo. Aliiweka shida yake kando. Akaingia kanisani walikolazwa, akanywesha maji, akafunga vidonda, akaandika barua za askari waliokuwa wanakata roho. Wanawake wa mji walifanya naye kazi, na hawakuuliza huyu ni wa jeshi gani. Walikuwa wakisema "tutti fratelli", wote ni ndugu.

Katika yale aliyoyaandika Dunant baadaye, kuna jambo linaloniuma kuliko hesabu ya maiti. Anasema maji yalikuwepo, chakula kilikuwepo, na bado watu walikufa kwa kiu na njaa. Vitambaa vya kufungia vidonda vilikuwa tele, lakini mikono haikutosha. Ndiyo maana hakuishia kulia. Akatoa wazo kwamba vikundi vya kujitolea viundwe na kufundishwa wakati wa amani, vita vikute watu wako tayari. Mwaka 1863 ikaundwa kamati huko Geneva iliyozaa Msalaba Mwekundu, na mwaka 1901 yeye na Frédéric Passy wakawa watu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Biashara yake, niwe mkweli, ilifilisika. Sisemi kwamba ni malipo ya wema. Nasema tu msije mkadhani alikuwa mtu asiye na la kupoteza.

Kwa hiyo mkichoshwa na mafunzo haya, na mtachoshwa, mkumbuke yale maji ya Castiglione yaliyokosa wa kuyapeleka.

Baada ya haraka kuna aibu. Hii haisemwi sana. Mtu amefiwa na wewe unamfahamu kidogo tu. Unasema nikimwandikia ataniona najipendekeza. Mwenzako kazini siku hizi haongei. Unasema nikimuuliza ataona namchimba. Tunajinyamazisha kwa heshima, kumbe ni woga umevaa kanzu ya heshima. Watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, waliwahi kulipima jambo hili. Katika jaribio mojawapo, kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu mjini Chicago, siku ya baridi, watu walipewa kikombe cha kinywaji cha moto, wakaambiwa wakitaka wampe mtu wasiyemjua. Waliotoa wakaulizwa, unadhani mwenzako atafurahi kiasi gani? Wakakisia. Walipoulizwa wapokeaji wenyewe, furaha yao ilizidi makisio. Mtoaji alikuwa anahesabu kikombe. Mpokeaji alikuwa anahesabu kwamba kuna mtu amemwona.

Ushahidi mwingine ni mzito, nauleta kwa sauti ya chini. Daktari wa magonjwa ya akili huko San Francisco, Jerome Motto, aliwafuatilia watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, wakatoka hospitalini na kukataa matibabu zaidi, au wakayaacha. Aliwagawa mafungu mawili. Fungu moja halikuandikiwa. La pili liliandikiwa barua fupi, mistari miwili mitatu: ni muda sasa tangu ulipokuwa hapa nasi, tunatumaini mambo yako yanakwenda vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi kupata habari zako. Hakuna mawaidha wala dawa. Barua hazikumdai mtu chochote. Zilikwenda kila mwezi mwanzoni, halafu zikaachana, jumla 24 kwa miaka mitano. Katika miaka miwili ya kwanza hasa, waliojiua katika fungu la barua walikuwa wachache kuliko wale wa fungu lililonyamaziwa.

Nimeifikiria sana ile namba 24. Barua moja ingesema "nimekukumbuka". Ya ishirini na nne inasema mtu huyu hajaacha kukukumbuka, na wewe hujamjibu hata mara moja.

Mkiniambia hamna ujuzi, nitawatajia wenye vikombe vya chai. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alitangaza namba ya simu kwa watu waliofikia kutaka kujiua. Wakaja wengi, kwa simu na kwa miguu, kuliko alivyoweza kuwasikiliza peke yake. Watu wa kujitolea wakawa wanakaa na hao wageni kwenye chumba cha kusubiria, wanawapa chai, wanaongea nao mpaka zamu yao ifike. Kasisi akagundua kwamba wengi wakishakaa na hao wa chai, hawana haja tena ya kumwona yeye. Mwaka 1954 akawakabidhi kazi yote ya kusikiliza. Shirika hilo, Samaritans, lipo mpaka leo, na mgongo wake ni watu wa kawaida wanaojitolea kusikiliza.

Najua mna hamu ya mambo ya vitendo, basi nitayapitia upesi, isipokuwa moja.

Sentensi "ukihitaji chochote niambie" iacheni nyumbani. Tunaisema kwa nia njema, lakini ni kumtwika kazi mtu aliyeelemewa: afikirie shida yake, aipime kama si kubwa mno, apige simu, aombe. Hatapiga. Sema jambo lenye mipaka: "Kesho asubuhi nawapeleka wanangu shule, niwapitie na wa kwako?" Hapo kazi yake ni kusema ndiyo au hapana.

Ukimkuta asiyeona anataka kuvuka barabara, usimshike mkono ukamburuta kama mzigo. Mwamkie kwanza, ajue kuna mtu. Muulize kama anataka msaada. Akisema hapana, ni hapana, usinune. Akitaka, mpe kiwiko chako akishike yeye, wewe utangulie nusu hatua. Mkifika ukingoni mwambie tunapanda au tunashuka. Na usimwache katikati ya uwanja ukaondoka kimya, akabaki anaongea na upepo. Nimelieleza hili kirefu makusudi. Anayeshika kiwiko chako anaweza kukiachia akitaka. Uliyemkamata mkono hawezi.

Nami nitasema jambo ambalo mwenyekiti hakunituma. Niliwahi kufuatana na kikundi kimoja, jina nitalihifadhi, kupeleka mablanketi kwa wagonjwa. Picha zilichukua muda kuliko mablanketi. Bibi mmoja aliombwa alipokee blanketi mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza alifumba macho. Akalirudisha, akalipokea tena, akatabasamu alivyoelekezwa. Sikufungua mdomo, na hadi leo najilaumu kwa hilo. Mtu akikupa nafasi ya kumwona akiwa dhaifu, hiyo ni amana. Haipelekwi sokoni.

Kuna pia ugonjwa wa upande wa pili, wa watu wema mno. Anakubali kila kitu: Jumatatu wazee, Jumatano watoto, Ijumaa usafi. Miezi mitatu baadaye simu yake haipatikani. Huyu ananipa hofu kuliko mvivu, kwa sababu mvivu hajamvalisha mtu shati. Ahadi ni deni, na deni usiloweza kulilipa usilikope, hata kama ni la wema. Ukiona huji, sema mapema. Simu ya nusu dakika, "Mzee, leo sitafika, nitakuja Jumamosi ijayo", ingeniokoa mimi na aibu na yeye na ile wiki.

Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya wajitoleaji tangu mwaka 1985, na mwaka 2026 wote umetangazwa kuwa mwaka wao. Vizuri, tutavaa fulana. Lakini karatasi inayopita hivi sasa mikononi mwenu ndiyo ninayoijali zaidi. Ina safu tatu: jina, siku, saa. Nimeona mmoja hapo mbele ameandika "siku yoyote, saa yoyote". Mdogo wangu, futa hiyo. Andika saa moja tu ya wiki unayoweza kuilinda hata siku ambayo mvua inanyesha na umealikwa harusini.

Yule mzee bado yupo. Macho yamekwisha kabisa, ila masikio yake ni ya kutisha, ananijua kwa mwendo wa viatu kabla sijagonga. Mwaka wa kwanza niliamini mimi ndiye ninayemsomea. Siku hizi nikifika ananiuliza kwanza habari za mguu wa mama yangu, za mwanangu aliyefeli hesabu, na kama nimelala vizuri. Gazeti tunalifungua baadaye, na mara nyingine halifunguliwi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na homa nikapiga simu kuomba radhi. Jioni akamwagiza binti yake anipigie. Akauliza umekunywa maji, halafu akaniambia habari za michezo, alizozisikia redioni, ili nisipitwe.

Mwenyekiti, nadhani umepata jibu lako. Saa yangu inasema saa tisa na robo, na shati limeshavaliwa tangu saa nane. Maswali sitaweza kukaa kuyasubiri. Mwenye la kuuliza na anifuate tuongee tukitembea mpaka kituoni. Nimetenga dakika kumi.